Kuhara kwa watoto wachanga: meno hayana hatia

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia mambo ya watu wazima: mirathi, biashara, ndoa na mizozo yake. Ijumaa ya leo tunamgeukia mtu ambaye hawezi kutuandikia barua wala kutupigia simu kulalamika. Mtu huyo ni mtoto wa miezi saba anayehara.

Miaka michache iliyopita tulifika Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, katika msimu wa kuuza pamba. Anayeifahamu nchi ile anajua hali yake katika miezi hiyo. Mbuga zimekauka na kupasuka, malori ya pamba yanatimua vumbi tangu alfajiri, na Mto Simiyu, ambao wakati wa masika humzuia mtu asivuke, umebaki mchanga mtupu. Kina mama na mabinti huchimba vishimo katika mchanga ule, husubiri maji yachuruzike, kisha huyachota kwa kata hadi ndoo ijae. Ng'ombe nao husubiri zamu yao hatua chache tu kutoka hapo.

Mwenyeji wetu alikuwa na mjukuu wa kike, mtoto mnene mwenye kucheka na kila mgeni. Usiku wa Jumapili mtoto yule alianza kutapika. Kulipopambazuka mwili ulikuwa na joto, na kufikia adhuhuri alikuwa akihara choo kama maji. Bibi yake, mwanamke mwenye busara aliyelea watoto tisa, hakushtuka. "Anaota meno huyu," alisema, na mjadala ukaishia hapo. Jumanne meno yaligeuka kuwa "meno ya plastiki". Akaja jirani mmoja na habari za fundi wa kuyang'oa, ambaye hutumia njiti ya baiskeli iliyochongwa ncha. Jumatano asubuhi tulipomwona mtoto, hakucheka tena. Macho yalikuwa yamedidimia, utosi umebonyea, na alipolia hakutoa machozi.

Kabla hatujasema yaliyompata mtoto huyu, yatupasa kwanza tueleze ni jambo gani lililokuwa likiendelea ndani ya tumbo lake, kwa sababu hakuna aliyekuwa katika nyumba ile, nasi tukiwa miongoni mwao, aliyelifahamu wakati huo.

Gurudumu lisiloonekana

Kuna virusi vinavyoitwa rotavirusi. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa kuwa vikitazamwa kwa darubini ya elektroni huonekana mviringo wenye njiti, mithili ya gurudumu la baiskeli. Viligunduliwa kwa watoto mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake katika jiji la Melbourne, Australia, walipochunguza vipande vidogo vya utumbo vilivyochukuliwa kwa watoto waliolazwa kwa kuhara. Kabla ya hapo, madaktari wa dunia nzima walikuwa wakiwatibu watoto wengi wa aina hiyo bila kujua adui aliyewaangusha.

Msomaji aangalie vizuri mahali penyewe. Melbourne ni jiji lenye mabomba na vyoo vya kuvuta. Watoto wale hawakunywa maji ya vishimo vya mtoni. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo wengi wetu tunalikosea. Tumezoea kuamini kwamba kila kuhara ni matokeo ya uchafu, hata mama ambaye mtoto wake anahara huona haya kana kwamba amekamatwa na kosa. Ukweli ni kwamba kabla ya kupatikana chanjo, takriban kila mtoto duniani, wa tajiri na wa maskini, alikuwa ameambukizwa rotavirusi kabla hajatimiza miaka mitano. Choo cha mtoto mgonjwa hubeba virusi kwa wingi usiohesabika, ilhali vichache mno vinatosha kumwambukiza mwingine. Virusi hukaa mikononi kwa saa kadhaa, na juu ya vitu kama midoli, mikeka na vikombe hukaa kwa siku nyingi.

Tofauti iliyopo kati ya mtoto wa Melbourne na mtoto wa Bariadi haiko katika kuambukizwa. Iko katika yale yanayofuata. Wa kwanza yu dakika chache kutoka hospitali. Wa pili husubiri mpaka pikipiki ipatikane. Wa kwanza ana akiba mwilini. Wa pili pengine ametoka kuugua malaria juzi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, rotavirusi iliua watoto wapatao 528,000 wa chini ya miaka mitano mwaka 2000, na kufikia mwaka 2013 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 215,000. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Afrika na kusini mwa Asia.

Virusi vikimezwa, huenda moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Ukuta wa utumbo huo umejaa vinyweleo vidogo sana, kama mahameli, na kazi yake ni kunyonya maji na chakula. Rotavirusi huingia katika ncha za vinyweleo hivyo na kuziharibu. Aidha, hutengeneza sumu inayoufanya utumbo utoe maji badala ya kuyapokea. Baada ya siku mbili hivi tangu kuambukizwa, mtoto huanza kutapika na kuwa na homa, kisha kuhara majimaji mara nyingi kwa siku, na hali hiyo huweza kuendelea siku tatu hadi nane. Kwa kawaida ugonjwa hujiishia wenyewe, kwa kuwa utumbo huota upya. Kinachoua ni maji na chumvi zinazoutoka mwili kabla utumbo haujapona.

Kwa nini meno husingiziwa

Turudi kwa bibi yetu. Hatupendi kumcheka, kwa sababu kosa lake lina mantiki yake. Meno ya kwanza ya mtoto hutoka yapata mwezi wa sita. Mwezi huohuo ile kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama huwa imekwisha kupungua. Mwezi huohuo huanza kupewa uji na maji. Mwezi huohuo huanza kutambaa, akaokota kila kitu na kukitia mdomoni. Katika nchi zetu za Afrika, rotavirusi kali humpata mtoto zaidi kati ya miezi sita na mwaka mmoja. Jino na virusi huingia mlangoni kwa pamoja. Jino huonekana na virusi havionekani, na anayeonekana ndiye anayeshitakiwa.

Ama kuhusu "meno ya plastiki", hapa hatuna upole wa kutosha. Imani hii ilienea katika sehemu nyingi za Tanzania tangu miaka ya 1980, na watafiti wameiandika kwa kina. Kinachoitwa plastiki ni jino changa la mtoto, jeupe na laini, ambalo halijakomaa na bado limo ndani ya ufizi. Kulitoboa na kuling'oa kwa njiti, kisu au ukucha ni kumwongezea mtoto aliyekwisha kukauka kidonda, damu inayomtoka, na pengine pepopunda. Kisha mtoto akipona, kwa kuwa rotavirusi hujiishia yenyewe, sifa humwendea fundi. Akifa, husemwa kwamba alichelewa kuletwa. Biashara ya namna hiyo haiwezi kupata hasara.

Liko kosa jingine lililo kimya zaidi, na pengine ndilo linaloua wengi: kumnyima maji mtoto anayehara. Tulilisikia siku ile ya Jumatano katika kituo cha afya tulikompeleka. Muuguzi alikuwa binti wa umri wa mjukuu mkubwa wa yule bibi. Baada ya kusalimu alianza kumnywesha mtoto kwa kijiko.

"Mwanangu," bibi alimwambia, "ukimpa maji ndipo anapozidi kuhara. Sisi tulimzuia tangu juzi ili tumbo lipumzike."

"Bibi yangu," yule binti alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe, "hayo yanayotoka hayatoki kwenye kikombe. Yanatoka kwenye damu yake. Mkimzuia asinywe yataendelea kutoka hivyohivyo, mpaka yaishe."

Bibi alinyamaza. Nasi tulinyamaza, kwa sababu ufafanuzi ule ulikuwa bora kuliko wowote tuliowahi kuusoma.

Yafaa tuongeze jambo moja ambalo muuguzi hakupata nafasi ya kulieleza. Mtu aweza kuuliza: ikiwa utumbo umeharibika, maji yatapitia wapi? Jibu ni kwamba hata katika utumbo uliougua kunabaki milango midogo ambayo hupitisha chumvi na sukari kwa pamoja. Chumvi peke yake haifunguliwi vizuri, lakini chumvi iliyofuatana na sukari hupita, na maji huifuata. Siri ya maji ya chumvichumvi, yaani ORS, ni hiyo tu.

Siri hiyo ilithibitishwa kwa wagonjwa wa kipindupindu mjini Dhaka mwaka 1968, lakini iliyoifanya dunia iamini ni vita. Mwaka 1971, wakati Bangladesh ilipokuwa ikipigania kujitenga na Pakistani, mamilioni ya wakimbizi walivuka mpaka kuingia India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kiliwafyeka. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mishipani. Aliamua kuchanganya chumvi, magadi na sukari ya glukosi katika mapipa, akawakabidhi ndugu wa wagonjwa vikombe wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya vinne. Mapipa na vikombe vya wakimbizi vilikuwa vimefanya kazi ya wodi nzima. Daktari huyo alifariki mwaka 2022, na tunakiri kwamba siku hiyo magazeti yetu mengi hayakumpa nafasi kubwa.

Pakiti na chupa ya soda

Sasa tuingie nyumbani. Pakiti ya ORS hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa muhimu, na wengi wetu tunaijua. Tatizo ni namna tunavyoichanganya. Pakiti iliyoandikwa lita moja ni ya lita moja. Tumeshuhudia ikichanganywa katika chupa ya soda, ambayo haifikii hata nusu lita, na dawa ikawa kali kiasi cha kumdhuru mtoto kwa chumvi. Tumeona pia ikimiminwa katika chupa kubwa ya maji ya dukani ya lita moja na nusu, ikawa dhaifu. Msomaji aisome pakiti kwanza, kisha atafute chombo. Maji yawe yaliyochemshwa na kupoa, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe cha chai kila anapohara. Akitapika, mama asikate tamaa. Asubiri dakika kumi, kisha aanze tena kwa kijiko kimoja kimoja, polepole. Pakiti isipokuwapo, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji salama vitasaidia wakati safari ya kituoni inaandaliwa. Wakazi wa sehemu ambazo visima vina maji ya chumvi wasidhani kwamba maji hayo yanatosha badala ya dawa. Kipimo ndicho dawa.

Pamoja na ORS mtoto hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, nusu kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa aliye chini ya miezi sita, na kidonge kizima kwa aliyezidi umri huo. Akina mama wengi huviacha siku ya tatu, kuhara kunapokoma. Wasiviache, kwa kuwa zinki huujenga utumbo na kumkinga mtoto asiugue tena katika miezi michache inayofuata. Dawa za kuua bakteria na vidonge vya Flagyl, ambavyo katika mitaa yetu vimekuwa kama peremende, havina kazi yoyote dhidi ya rotavirusi. Dawa za watu wazima za kufunga choo ni hatari kwa mtoto mchanga na zisimkaribie.

Na titi lisiachwe. Qur'ani Tukufu imetaja miaka miwili ya kunyonyesha, na hakuna mahali ilipotoa likizo ya kuhara. Maziwa ya mama ni maji, ni chakula, na yana kinga ndani yake. Mama ambaye mtoto wake anaugua katika mwezi wa Ramadhani, naye akihofia maziwa kupungua, anayo ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Hili halina haja ya kuulizwa kwa aibu.

Dalili za kukimbia hospitali bila kusubiri ni hizi: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki, amepata degedege, ana damu katika choo, macho yamezama, au ngozi ya tumbo ukiivuta na kuiachia inarudi polepole. Asubuhi ile mtoto wa mwenyeji wetu alikuwa nazo tatu.

Upo mjadala mdogo wa najisi ambao tunauona unahusika. Katika nyumba nyingi choo cha mtoto mchanga hakihesabiwi. Husemwa, "huyu ni malaika," kikafutwa kwa kitambaa kilekile kinachofutia mikono. Baadhi ya watu huleta hoja ya kifiqhi, kwamba mtoto mchanga amesamehewa. Wanachanganya mambo mawili. Wepesi unaotajwa na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii unahusu mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajala kitu ila maziwa, kwamba hunyunyiziwa maji badala ya kufuliwa. Choo hakikuingia katika wepesi huo, si cha wa kiume wala cha wa kike. Ni najisi kama najisi nyingine, na mikono huoshwa kwa maji na sabuni baada ya kumchambisha mtoto na kabla ya kumlisha.

Matone mawili

Hata hivyo tumekwisha kusema kwamba sabuni peke yake haitoshi. Simiyu yenyewe ni ushahidi wa mahitaji mengi yanayokutana. Ni mkoa mchanga, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga, huku Busega ikitoka upande wa Mwanza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni mbili. Mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kuyapeleka Busega, Bariadi na Itilima, na hatimaye Maswa na Meatu, uliidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 kwa ushirikiano na Ujerumani. Maji hayo yana kazi kubwa, na mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kilipoingia mkoani kila mtu aliikumbuka kazi hiyo. Lakini bomba lililozuia kipindupindu Melbourne halikuzuia rotavirusi Melbourne. Kwa adui huyu ilihitajika kinga ya aina nyingine.

Historia ya chanjo yenyewe haikunyooka. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 na kuondolewa mwaka uliofuata, baada ya kubainika kwamba katika watoto wachache ilisababisha utumbo kujiingiza ndani ya utumbo mwenzake, hali inayohitaji upasuaji. Ilibidi kungoja. Chanjo mpya zikaja kuanzia mwaka 2004, zikajaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watoto kabla ya kuruhusiwa, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likapendekeza zitumiwe katika nchi zote. Tanzania ilizindua yake Desemba 2012 na kuanza kuitoa Januari 2013, ikitumia aina iitwayo Rotarix: matone ya kumeza, mara mbili, mtoto akiwa na wiki sita na wiki kumi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwamo, uliotafuta kama ile hatari ya utumbo imeongezeka kwa watoto waliochanjwa. Haikuongezeka.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba chanjo hii ni ngome isiyopenyeka. Huko Ulaya ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya ugonjwa mkali. Katika utafiti wa Malawi na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2010 ilizuia asilimia 61 kwa jumla, na kwa Malawi peke yake asilimia 49. Wapinzani wa chanjo wanaipenda sana tarakimu hiyo ya mwisho. Wanasahau nyingine iliyomo katika utafiti huohuo: kwa kila watoto 100 waliochanjwa, Malawi iliepushiwa wagonjwa mahututi karibu saba kwa mwaka, ilhali Afrika Kusini iliepushiwa wanne. Chanjo ilikuwa dhaifu zaidi mahali ilipookoa wengi zaidi, kwa sababu huko ndiko ugonjwa ulikojaa. Nusu ya msiba mkubwa ni kubwa kuliko robo tatu ya msiba mdogo. Zanzibar nako, watafiti waliofuatilia watoto waliolazwa katika miaka mitatu ya mwanzo ya chanjo waliona wagonjwa wa rotavirusi wakipungua.

Linabaki swali ambalo wasomaji wa ukurasa huu hawawezi kulikwepa. Je, ina nguruwe? Tunaona ni bora lijibiwe waziwazi kuliko kunong'onwa misikitini. Machi 2010 ilibainika kwamba ndani ya Rotarix mlikuwa na vipande vya virusi vya nguruwe, visivyojulikana kumdhuru binadamu. Marekani ilisimamisha matumizi kwa muda, ikachunguza, na Mei mwaka huohuo ikaruhusu yaendelee. Vipande hivyo vinahusishwa na kimeng'enya kiitwacho tripsini, kitokacho kwa nguruwe, ambacho hutumika kiwandani katika kukuza seli. Kwa hiyo anayeuliza hajazua.

Lakini swali hilo si geni kwa wanazuoni. Mwaka 2003 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilijadili kimeng'enya hichohicho katika chanjo ya polio, likairuhusu. Hoja zilikuwa mbili: kwamba kinachotumika ni kidogo mno na huondolewa katika utengenezaji, na kwamba haja ya kuwalinda watoto na madhara ina uzito wake katika sheria. Wapo wanaoshikilia msimamo mkali zaidi, nasi hatuwanyimi haki ya kushikilia walichokiona. Tunawauliza tu watazame Moroko ilianza kuwapa watoto wake chanjo ya rotavirusi mwaka 2010, Sudani mwaka 2011 na Yemeni mwaka 2012, nchi ambazo hazina upungufu wa mafakihi.

Kwa maoni yetu, kikwazo kikubwa cha Simiyu wala si fatwa. Ni kilomita. Matone haya yana umri wake; hayangoji mtoto akue wala pamba iishe shambani. Mama wa kijiji cha mbali hutembea nusu siku na mtoto mgongoni, na akifika akaambiwa arudi wiki ijayo, mara nyingi wiki ijayo haiji. Tulipoikagua kadi ya yule mtoto wa Bariadi tukaona sanduku la wiki ya sita limejazwa tarehe, na la wiki ya kumi li tupu. Mama yake alitueleza kwamba alikwenda katika zahanati moja siku hiyo, akakuta gesi ya jokofu imekwisha na chanjo zimehamishwa. Baadaye palilizi zikaanza.

Mtoto yule aliwekewa dripu kichwani, kwa kuwa mishipa ya mikono ilikuwa imekwisha kujificha. Usiku wa kwanza bibi hakulala. Kitanda cha pili kutoka chetu kililazwa mtoto mwingine wa umri huohuo, aliyeletwa kutoka mbali kwa baiskeli akiwa na kidonda kibichi katika ufizi, na kabla ya alfajiri mama yake alitoka nje amemfunika kwa kanga usoni. Hakuna aliyesema neno katika wodi ile mpaka kulipokucha.

Ijumaa mtoto wetu alinyonya. Jumamosi alimvuta muuguzi kitambulisho chake na kutaka kukila. Waliporuhusiwa, bibi alimwomba yule binti pakiti mbili zaidi, akazifunga katika pindo la kanga, mahali anapofungia fedha. Binti akamuuliza atazichanganya katika chombo gani.

"Nyumbani ipo chupa ya mafuta ya kula ya lita moja," bibi alijibu. "Nitaiosha leo."